Mfupa unapokufa ndani ya kifundo cha mkono: Ufahamu ugonjwa wa Kienböck

Na MWANDISHI WETU

MAUMIVU ya kifundo cha mkono ni miongoni mwa matatizo ambayo wengi wetu huyapuuza. Kibarua wa mjengo akihisi mkono unamuuma jioni baada ya kutwa nzima ya kuchanganya saruji, husema ni uchovu. Mama anayefua nguo na kusonga ugali akihisi vivyo hivyo, hujipaka dawa ya kuchua, akafunga kitambaa na kuendelea na shughuli zake. Mara nyingi maumivu hayo huisha yenyewe baada ya siku chache na mtu akayasahau.

Hata hivyo, yapo maumivu ya kifundo yasiyoisha. Huja na kuondoka kwa miezi kadhaa, kila yarudipo yakiwa makali kuliko awali, hadi mwathiriwa akashindwa kushika nyundo au kuepua sufuria mekoni. Moja kati ya sababu za hali hiyo ni ugonjwa usiozungumziwa sana, ambapo mfupa mdogo ulio katikati ya kifundo hukosa damu, ukafa na hatimaye kuporomoka. Wataalamu huuita ugonjwa wa Kienböck.

Haya si maradhi yanayowapata watu wengi. Lakini huwapata zaidi walio katika umri wa kufanya kazi, na aghalabu hushambulia mkono uleule ambao mtu huutegemea kujitafutia riziki. Isitoshe, matibabu yake hutegemea mno hatua ambayo ugonjwa umefikia unapogunduliwa. Anayefika hospitalini mapema anaweza kutibiwa mfupa wake ungali na umbo lake. Anayechelewa huenda akabaki kuchagua kati ya kuishi na maumivu na kuwa na mkono usiokunjika vizuri.

Mifupa minane

Kifundo cha mkono huonekana kama kiungo kimoja, lakini ndani yake mna mifupa midogo minane iliyopangwa katika safu mbili. Safu ya kwanza hupakana na mifupa miwili ya kigasha, yaani sehemu iliyo kati ya kiwiko na kifundo. Mifupa hiyo miwili ni radiasi, iliyo upande wa kidole gumba, na ulna, iliyo upande wa kidole cha mwisho. Safu ya pili nayo imeungana na mifupa ya kiganja.

Katikati ya safu ya kwanza pana mfupa uitwao lunati. Jina hilo limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya mwezi, kwa kuwa ukitazamwa kutoka ubavuni, mfupa huu una umbo la hilali.

Nafasi ya mfupa huo ndiyo inayoutia hatarini. Mtu anaposukuma toroli, kupiga nyundo au kujiegemeza kwa kiganja, nguvu hupita kiganjani hadi kwenye kapitati, ambao ndio mfupa mkubwa zaidi kati ya hiyo minane. Kapitati huugandamiza mfupa wa lunati, nao ukabanwa dhidi ya radiasi. Ni sawa na tofali lililo katikati ya ukuta, ambalo hulemewa kutoka juu na kuzuiwa kutoka chini.

Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya uso wa lunati imefunikwa kwa gegedu, ile tabaka laini inayowezesha mifupa kuteleza bila kukwaruzana. Mishipa ya damu haipenyi kwenye gegedu. Hivyo basi, damu huingia ndani ya mfupa huu kupitia sehemu finyu za mbele na nyuma pekee. Kwa watu wengi kuna mishipa kadhaa inayosaidiana. Kwa wengine wachache, mfupa huo hutegemea mshipa mmoja tu, na mshipa huo ukiharibika, hakuna njia nyingine ya kuupelekea damu.

Ulivyogunduliwa

Mnamo mwaka wa 1843, Mfaransa kwa jina Peste alieleza kuhusu mifupa ya lunati iliyoporomoka ambayo aliiona katika maiti. Wakati huo hapakuwa na namna ya kuutazama mfupa wa mtu aliye hai bila kumpasua.

Mambo yalibadilika Wilhelm Röntgen alipogundua miale ya eksirei mwaka wa 1895. Miaka kumi na mitano baadaye, yaani 1910, Robert Kienböck, daktari wa eksirei mjini Vienna, Austria, alichapisha maelezo ya kina kuhusu kulainika na kuporomoka kwa mfupa huo. Tangu hapo ugonjwa huu ukapewa jina lake.

Chanzo chake

Zaidi ya karne moja baadaye, chanzo kamili bado kinajadiliwa. Wanachokubaliana wataalamu wengi ni kwamba hakuna sababu moja pekee, na kwamba mambo kadhaa hukutana katika mfupa mmoja.

Jambo la kwanza ni majeraha. Mtu akianguka na kujizuia kwa kiganja, mfupa unaweza kupata ufa au mishipa yake ya damu ikachanika. Vilevile, wataalamu wametaja uwezekano wa majeraha madogo madogo yanayorudiwa kwa miaka, kama vile kwa mtu anayepiga nyundo au kutumia mashine zenye mtetemo. Ieleweke hata hivyo kwamba wengi wanaofanya kazi hizo hawapatwi kamwe na ugonjwa huu, na kuna wagonjwa wasiokumbuka kuumia wakati wowote.

Jambo la pili ni maumbile. Mnamo 1928, daktari Hultén wa Uswidi aligundua kwamba asilimia 78 ya wagonjwa aliowachunguza walikuwa na mfupa wa ulna ulio mfupi kuliko radiasi, ilhali miongoni mwa watu wasio na ugonjwa huo ni asilimia 23 pekee waliokuwa na umbile hilo. Maelezo yake ni kwamba ulna ikiwa fupi, radiasi hubeba mzigo mkubwa zaidi na kuugandamiza mfupa wa lunati kupita kiasi. Uchunguzi uliofanywa baadaye katika mataifa mengine haukuonyesha uhusiano wenye nguvu kama huo kila mahali. Kwa hivyo, ulna fupi huhesabiwa kuwa kichocheo tu, wala haimaanishi kwamba mwenye nayo lazima augue.

Jambo la tatu ni mtiririko wa damu wenyewe. Mbali na damu kushindwa kuingia, wapo wataalamu wanaosema kwamba huenda tatizo likaanza damu inaposhindwa kutoka. Damu ikikwama, shinikizo huongezeka ndani ya mfupa na kuzinyima seli zake hewa ya oksijeni.

Kuna pia maradhi ambayo huvuruga mzunguko wa damu kwenye mifupa mbalimbali mwilini. Miongoni mwayo ni selimundu, ugonjwa wa damu unaopatikana sana katika maeneo ya Nyanza, Magharibi na Pwani humu nchini. Matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi pia yanajulikana kuua mifupa, ingawa nyonga ndiyo huathirika zaidi. Mgonjwa mwenye hali kama hizo anapaswa kumfahamisha daktari anapolalamikia maumivu ya kifundo.

Ugonjwa wa Kienböck hauambukizi. Hauletwi na baridi ya asubuhi, kunawa maji baridi baada ya kupiga pasi, wala kurogwa, kama inavyodaiwa mara nyingi mtu anaposhikwa na maumivu ya viungo yasiyoeleweka.

Dalili za kutambua

Wanaume walio kati ya umri wa miaka 20 na 40 ndio huathirika zaidi, japo wanawake na hata vijana wadogo hawajasazwa. Kwa kawaida ni mkono mmoja tu unaougua.

Dalili ya kwanza huwa maumivu katikati ya kifundo, upande wa juu wa mkono. Ukiufuata mstari wa kidole cha kati kutoka kwenye kidole chenyewe hadi kifundoni, ndipo mahali panapouma pakibonyezwa. Mwanzoni maumivu huja wakati wa kazi na kutulia mtu anapopumzika. Baadaye huweza kumsumbua hata usiku.

Dalili nyingine ni uvimbe mdogo, kifundo kuwa kigumu hasa kinapokunjwa kwenda nyuma, na nguvu za kushika kupungua. Mgonjwa hujikuta akidondosha kikombe au akishindwa kufungua kifuniko cha chupa. Wengine husikia mlio wa kukwaruza kifundo kinaposogezwa.

Mabadiliko haya hutokea polepole. Mgonjwa huanza kutumia mkono wa pili bila kujua, na kwa sababu hiyo si ajabu kumpata aliyevumilia mwaka mmoja au zaidi kabla ya kutafuta ushauri.

Picha safi isikuhadae

Uchunguzi huanza kwa maswali: umewahi kuanguka, unafanya kazi gani, maumivu yalianza lini, una ugonjwa mwingine? Kisha daktari hulinganisha mikono yote miwili, akapima kila mmoja unakunjika kwa kiasi gani na una nguvu kiasi gani za kushika.

Baada ya hapo mgonjwa hupigwa picha ya eksirei. Hapa ndipo pana jambo muhimu ambalo kila msomaji anafaa kulijua. Katika hatua ya kwanza ya ugonjwa huu, picha ya eksirei huwa haina kasoro yoyote. Mfupa huwa umeanza kufa lakini umbo lake halijabadilika, na eksirei huonyesha umbo na uzito wa mfupa, si damu iliyomo ndani yake. Mgonjwa huambiwa hana tatizo, akapewa tembe za kutuliza maumivu na kurudi kazini.

Kipimo kinachoweza kuutambua ugonjwa mapema ni MRI, mashine inayopiga picha kwa nguvu za sumaku. Kipimo hiki huonyesha mabadiliko ndani ya mfupa kabla haujaporomoka. Skani ya CT nayo husaidia kuonyesha nyufa na vipande vya mfupa uliokwisha kuharibika.

MRI ni ghali na haipatikani katika kila hospitali. Ndiyo maana si busara kuitaka kwa kila maumivu ya mkono. Lakini mgonjwa ambaye maumivu yake yamedumu kwa wiki kadhaa licha ya kupumzika, yakiwa katikati ya kifundo, na picha ya eksirei ikawa safi, ana haki ya kurejea hospitalini na kuomba apelekwe kwa daktari wa mifupa. Kabla ya kupimwa, ni vyema aulize ni kiasi gani kitalipwa na bima yake, iwe ya kibinafsi au ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka wa 2024.

Maradhi yanayofanana nao

Si kila maumivu ya kifundo ni Kienböck. Kwa hakika, mengi si hayo. Daktari atachunguza pia uwezekano wa baridi yabisi, jongo, kuvimba kwa kano, na kifua kikuu cha mifupa, ambacho huweza kushambulia kifundo hata kama mgonjwa hakohoi.

Tatizo jingine linalofanana nao, na linalotokea mara nyingi zaidi, ni kuvunjika kwa skafoidi, mfupa ulio jirani na lunati upande wa kidole gumba. Jina lake linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mashua. Huvunjika mtu anapoanguka kwa kiganja, kama vile kutoka kwenye pikipiki au uwanjani wakati wa mchezo wa kandanda. Maumivu yake huwa kwenye shimo dogo linaloonekana chini ya kidole gumba kinaponyooshwa.

Mfupa huu nao hupata damu kwa njia ya ajabu: mishipa mingi huingilia upande ulio karibu na vidole, kisha damu ikarudi nyuma kuelekea kigasha. Ukivunjika katikati, sehemu ya nyuma hukatiwa damu na inaweza kufa. Ufa wake pia unaweza kukosa kuonekana kwenye eksirei siku za kwanza. Kwa hivyo, daktari akiushuku, huufunga mkono kwa plasta na kumtaka mgonjwa arejee baada ya siku 10 hadi 14 ili apigwe picha nyingine. Mgonjwa asipuuze miadi hiyo eti kwa sababu picha ya kwanza haikuonyesha kitu.

Hatua nne

Ili kuamua matibabu, madaktari wengi hutumia mpangilio wa hatua nne uliopendekezwa na Lichtman na wenzake mwaka wa 1977.

Katika hatua ya kwanza, eksirei ni safi lakini MRI huonyesha kasoro. Katika hatua ya pili, mfupa huonekana mweupe na mgumu kuliko jirani zake kwenye eksirei, ingawa umbo lake halijaharibika. Katika hatua ya tatu, mfupa umeporomoka. Mwanzoni mwa hatua hiyo mifupa mingine huwa ingali mahali pake, lakini baadaye huanza kuhama kujaza pengo. Katika hatua ya nne, gegedu za mifupa jirani zimelika na kifundo kizima kimeingiwa na ugonjwa wa viungo.

Si lazima kila mgonjwa apitie hatua zote, na wakati mwingine picha mbaya huwa ya mtu mwenye maumivu kidogo tu. Kwa hiyo daktari hutibu mgonjwa mwenyewe, umri wake na kazi yake, wala hatibu picha peke yake.

Matibabu

Hakuna dawa ya kumeza inayoweza kuufufua mfupa uliokufa. Dawa kama vile ibuprofeni na diklofenaki hupunguza maumivu na uvimbe, lakini hazizuii ugonjwa kuendelea. Zikitumiwa kiholela kwa muda mrefu huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Ugonjwa ukigunduliwa mapema, kifundo hupumzishwa kwa kufungwa banzi au plasta kwa muda unaoweza kufika miezi mitatu, huku mgonjwa akiepuka kazi nzito. Lengo ni kuuondolea mfupa mzigo ili damu ipate nafasi ya kurudi. Kwa watoto na vijana wadogo, mapumziko hayo mara nyingi hutosha kwa kuwa mifupa yao ina uwezo mkubwa wa kujijenga upya.

Iwapo hali haibadiliki na mfupa haujaporomoka sana, upasuaji hufikiriwa. Kwa mgonjwa mwenye ulna fupi, upasuaji unaojulikana sana ni kupunguza urefu wa radiasi kwa milimita chache, kisha kuufunga mfupa kwa bamba la chuma na skrubu. Mifupa hiyo miwili ikilingana, mzigo hugawanywa upya na lunati hupata nafuu. Kwa asiye na ulna fupi, kapitati ndiyo inaweza kupunguzwa.

Njia nyingine ni kuhamisha kipande kidogo cha mfupa kutoka kwenye radiasi pamoja na mshipa wake wa damu, na kukipandikiza ndani ya lunati. Upasuaji huu huhitaji ujuzi maalumu na haufai mfupa uliokwisha kusagika.

Ugonjwa ukifika mbali, haiwezekani tena kuuokoa mfupa. Lengo huwa kuondoa maumivu na kuhifadhi nguvu za mkono. Daktari anaweza kuitoa mifupa mitatu ya safu ya kwanza ili kapitati iketi moja kwa moja juu ya radiasi. Anaweza pia kuunganisha baadhi ya mifupa, au kukiunganisha kifundo chote. Mtu aliyeunganishwa kifundo chote hawezi kukikunja tena, lakini anaweza kugeuza kiganja juu na chini, kutumia vidole vyake na kushika kwa nguvu. Wapo wanaorejelea kazi za mikono baada ya hapo.

Kila upasuaji una hatari zake. Jeraha linaweza kuambukizwa viini, mfupa ukachelewa kuunga, au kifundo kikabaki kigumu. Wavutaji sigara huchelewa zaidi kupona. Kabla ya kutia sahihi fomu ya idhini, mgonjwa amuulize daktari ugonjwa umefika hatua gani, kuna njia zipi nyingine, atakaa muda gani bila kufanya kazi, na atahitaji mazoezi ya viungo kwa muda upi. Mazoezi hayo ni sehemu ya tiba yenyewe, na anayeyakatiza hupoteza sehemu ya manufaa ya upasuaji.

Hatari ya kukandwa

Wengi wanaoumia kifundo hukimbilia kwa wakandaji. Kumkanda mtu aliyechoka misuli si kosa. Lakini kukikanda na kukivuta kifundo ambacho hakijapigwa picha ni jambo la hatari. Ikiwa kuna mfupa uliovunjika, vipande vinaweza kusogea. Ikiwa mfupa unakosa damu, hakuna kukandwa kutakakoirejesha, na nafuu ya siku mbili tatu humfanya mgonjwa kupoteza miezi ambayo angeitumia kupata tiba.

Wafanyakazi nao wakumbuke kwamba Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka wa 2007 huwalinda walioajiriwa wanapoumia au kuugua kutokana na kazi. Ukianguka kazini, mfahamishe mwajiri mara moja, ikiwezekana kwa maandishi, na uhifadhi stakabadhi za hospitali hata kama jeraha linaonekana dogo. Maumivu ya mfupa huu yanaweza kujitokeza muda mrefu baadaye, na itakuwa vigumu kueleza yalikoanzia bila kumbukumbu hizo.

Hakuna njia ya uhakika ya kuuzuia ugonjwa wa Kienböck. Hata hivyo, unaweza kujipunguzia hatari kwa kupumzisha mikono katikati ya kazi nzito, kutumia glavu unaposhika mashine zenye mtetemo, na kubadilishana kazi na wenzako ili mkono mmoja usifanye jambo moja kutwa nzima.

Aidha, muone daktari ikiwa maumivu ya kifundo yamezidi wiki mbili au tatu bila nafuu, ikiwa nguvu za kushika zinapungua, au ikiwa umeanguka kwa kiganja na bado panakuuma baada ya siku chache. Beba picha zote ulizowahi kupigwa, hata zile zilizosemekana hazina kasoro, kwa kuwa daktari atahitaji kuzilinganisha na mpya ili ajue mfupa umebadilika kiasi gani.